Aliyepika Ana Hatia Gani?

Chakula kikiwadhuru watu, maswali mawili huzaliwa saa ile ile. Nje ya mlango wa hospitali jamaa huuliza, Ni nani? Ndani ya mlango daktari huuliza, Ni nini? Maswali haya yafanana kama ndugu wawili, walakini hayapatani. Na mara nyingi lile la kwanza hulinyamazisha la pili, na mgonjwa ndiye alipaye deni la ugomvi wao. Yatupasa kuyapima yote mawili, tujue lipi litangulie, na likiisha kutangulia, hatia ibaki kwa nani, na kwa kiasi gani. Jambo hili latuhusu sisi wa Musoma, Bunda na Butiama, kwa maana katika mkoa wetu huu wa Mara limekwisha kutokea kwa namna ya kutisha, kama nitakavyoeleza.

Kwanza tufanye mfano. Pana arusi katika kijiji karibu na Bunda. Wapishi wamekesha. Wali umepikwa alfajiri, ukafunikwa katika masufuria makubwa, ukakaa humo vuguvugu hata saa nane za mchana, kwa sababu bwana arusi amechelewa njiani (na ni arusi gani ambayo bwana arusi hakuchelewa?). Watu wamekula, wameimba, na kabla jua halijatua watu 40 wanatapika. Wanapakiwa juu ya pikipiki na ndani ya gari la mizigo, wanafikishwa hospitali.

Basi, hospitali haikuwa tupu ikiwangojea. Yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa tangu asubuhi. Yumo mtoto mwenye malaria aliyepungukiwa damu. Yumo mzee ambaye pumu imembana. Wauguzi wa zamu ni wachache, na sasa kila mkono unaomshikia mgeni wa arusini chupa ya maji ya mshipani umeondoka kwa mmojawapo wa hao. Vitanda havitoshi, watu wawili wanalala kitanda kimoja, wengine sakafuni. Twasema kwamba waliodhurika ni 40. Kwa kweli ni wengi zaidi, kwa kuwa mtoto yule wa malaria hakualikwa arusini, wala hakuonja hata punje moja ya wali, lakini saa yake ya kutazamwa imeliwa na wengine. Kwa sababu hii nasema ya kwamba kila nusu saa ambayo daktari anakaa bila kujua watu wamekula nini, ni nusu saa ambayo wodi nzima imenyang'anywa.

Pengine mtu atauliza, Je, si wote wanatapika? Kwani dawa yao si moja? La, siyo moja. Kama vijidudu vimeingia katika wali kutoka mkono wa mpishi mwenye jipu, vikaacha sumu yao mle, watu hutapika upesi, baada ya saa 1 hata 6, na wengi hupona wakipewa maji yenye chumvi na sukari kwa kadiri yake. Na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha chakula moto tena, kama wengi wanavyodhani. Kama ni vijidudu vya namna nyingine, ugonjwa huja baada ya nusu siku au siku mbili tatu, pamoja na homa na kuhara. Lakini kama maharagwe yalipimwa kwa kopo lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu wa pamba, pengine mgonjwa hutokwa na mate mengi na jasho, mboni za macho yake husinyaa, kifua hujaa maji. Huyu bila sindano ya atropini, tena sindano nyingi, aweza kufa akiwa na chupa ya maji mkononi. Na kama ni muhogo mchungu, hiyo ni habari nyingine tena. Daktari hana macho ya kuona ndani ya tumbo. Awasikiliza watu. Neno moja kutoka jikoni, kwamba kopo lile lilikuwa la dawa ya pamba, laweza kuwa na nguvu kuliko kabati zima la dawa.

Na neno hilo haliji. Mpishi amekwisha kuosha masufuria, na mabaki ameyafukia, si kwa ubaya, bali kwa aibu na hofu. Anasikia sauti za vijana nje. Anajua ya kuwa akisema, Ni mimi niliyetumia kopo lile, huenda asilale nyumbani kwake usiku huo. Tena jamaa za wagonjwa wana neno lao tayari: Wamewekewa kitu. Wanamtaja mke mwenza, au bibi kizee ambaye hakualikwa, au jirani waliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wengine wanamwondoa mgonjwa wao kitandani wampeleke kwa mganga wa kupiga ramli, ili ajue ni nani. Saa zinapita. Swali la Ni nani limeshinda, na bado hakuna ajuaye ni nini.

Sasa tuache mfano, tuvuke mto Mara twende kaskazini hata Tarime, tuone jambo lililotokea kweli.

Mwaka 1985 wilaya ya Tarime ilikuwa na ukame. Mahindi yalikauka, na watu wakaishi kwa muhogo, ambao huvumilia jua. Wasomaji wetu wote wajua kwamba kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu, na kwamba ule mchungu hupendwa na wakulima kwa kuwa wezi na wanyama huuogopa. Wajua pia kazi yake: humenywa, hulundikwa na kufunikwa siku kadhaa hata uote ukungu, hukwanguliwa, huanikwa, hutwangwa, ndipo huwa udaga wa kupikia ugali. Kazi hiyo si desturi tupu ya bibi zetu. Ndani ya mzizi imo sumu iitwayo sianidi, imefungwa ndani ya kitu kingine kama mtu aliyefungiwa chumbani. Ukungu unapoulainisha na kuuvunja mzizi, mlango hufunguka na sumu hutoka, ikaenda zake hewani. Mwenye kuukata muhogo vipande vikubwa na kuuanika jua la siku mbili tu, ameukausha pamoja na sumu yake. Tena mwaka wa ukame mzizi wenyewe huwa na sumu nyingi kuliko mwaka wa mvua.

Katika njaa ile watu walizifupisha siku za kazi hiyo. Na ndipo ukatokea ugonjwa usiofahamika. Mtu aliyekuwa mzima, mara nyingi mtoto au mwanamke, aliona miguu yake imekakamaa kwa ghafula, inatetemeka, haikunjuki. Hapana homa wala jeraha. Katika muda usiotimiza juma ugonjwa ulikuwa umefika mwisho wake. Haukuzidi tena, lakini wala haukupungua. Wengine walitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wengine kwa magongo. Wengine hawakutembea tena. Watu 39 walionekana kuwa na ugonjwa huo. Unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari mmoja aitwaye Trolli aliandika habari zake huko Kongo mwaka 1938. Katika Msumbiji, mwaka 1981, pia wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 upande wa Nampula.

Hospitali ilifanya nini? Hapa yatupasa kusema wazi. Hapana dawa ya kuponya konzo, wala wakati ule wala leo. Mazoezi na magongo humsaidia mgonjwa, basi. Hata tungekuwa tumekwisha kuwa na hospitali kubwa ya rufaa kama ile yenye jina la Mwalimu Nyerere, iliyoko Kwangwa, Musoma, ambayo ujenzi wake ulisimama miaka mingi kabla ya kumalizika, madaktari wake wasingaliweza kuifungua miguu hiyo. Walioufahamu ugonjwa huu waliufahamu kwa kutoka wodini. Walikwenda katika nyumba za wagonjwa na katika nyumba za wazima, wakauliza: Mlikula nini? Muhogo mliuanika siku ngapi? Kitoweo kilikuwa nini? Nao akina mama wakawajibu. Tafadhalini, fikirini kama wataalamu wale wangalifika wakiuliza, Ni nani aliyemlisha mtoto huyu sumu? Ni mama gani angalifungua kinywa? Hata leo tungalikuwa tunasema ni laana, au ni uchawi, au ni ugonjwa wa ukoo fulani.

Basi, mama aliyepika ugali ule ana hatia gani?

Mtu mkali atasema: Alijua. Kila mwanamke aliyelelewa kwa muhogo ajua kwamba ule usiokaa siku zake huleta kizunguzungu na kutapika. Alijua, akapika, basi ana hatia. Neno hili lina nguvu, wala sitaki kulipita mbio, maana sisi wenyewe hufundisha kwamba kujua ndiko kunakomfanya mtu awe na deni. Lakini alijua nini hasa? Alijua kizunguzungu kinachopita kesho. Hakujua miguu itakayofungwa maisha yote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia. Tena alikuwa na njia gani nyingine? Siku tano za kungoja udaga ukomae ni fupi kwa mwenye kula kitu kingine wakati wa kungoja. Kwa mtoto asiyekula tangu jana si fupi. Hatia yataka vitu viwili, ujuzi na njia ya pili. Mama huyu alikuwa na nusu ya kwanza, na ya pili hakuwa nayo kabisa.

Walakini nikisema hana hatia, sisemi ya kwamba hatia haipo. Wataalamu wameonyesha kwamba mwili wenyewe waweza kuivunja sianidi na kuitoa kwa mkojo, ila hauwezi bila salfa, nayo salfa hutoka katika nyama, samaki na maharagwe. Wale waliopatwa na konzo walikuwa wakila muhogo karibu mtupu. Yaani dagaa wachache, au bakuli la maharagwe, vingaliweza kuwa sehemu ya ngao ya mtoto yule. Angalieni basi jambo hili linatupeleka wapi. Mara ni nchi ya ziwa. Hata mwaka wa ukame ziwa lina samaki, na hata mwaka wa njaa kuna ghala ambayo haijawa tupu na zizi lisilokosa maziwa. Kitoweo kilichobaki katika nyumba moja hakikufika katika nyumba nyingine. Tukitafuta hatia katika chungu cha mama peke yake, tunatafuta mahali ambapo ni rahisi kutafuta. Mimi naona sehemu kubwa yake i katika chungu cha jirani, kilichokuwa na kitu cha kugawa, na mbali zaidi, kwa wafanya biashara waliongoja bei ipande na kwa wakubwa waliochelewa kuleta chakula cha njaa. Hao hawashtakiwi na mtu, kwa sababu hawakupika.

Tunaijua sote habari ya Elisha na wanafunzi wa manabii huko Gilgali, nayo pia ni ya wakati wa njaa. Mmoja alikwenda shambani, akaona mtango-mwitu, akajaza nguo yake, akakatakata ndani ya chungu bila kuujua. Walipoanza kula wakalia palepale, mbele ya wote. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, wala sikuti neno hata moja la kumlaumu yule aliyechuma. Hata jina lake hatuambiwi. Elisha aliagiza unga, akatia chunguni, watu wakala. Kama desturi ya mahali pale ingalikuwa kumpiga aliyechuma, sidhani kwamba kilio kingalikuja upesi vile.

Lakini ujuzi ukiisha kuenea, mambo hubadilika. Katika kisiwa cha Panza, Pemba, mwezi wa Novemba 2021, watu 7 walikufa kwa kula nyama ya kasa. Nyama hiyo hupendwa tangu zamani, na mara nyingi haidhuru. Ila pengine kasa huwa na sumu mwilini, wala hapana alama ya nje ya kumtambulisha, wala kupika hakuiondoi. Msiba ule ulitangazwa nchi nzima. Hata mwezi wa Machi 2024 watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa huko huko Panza kwa nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Siwezi kumhukumu mzazi aliyefiwa. Walakini swali la mara ya pili si lile la mara ya kwanza. Yule aliyejua habari za mwaka 2021, akaona nyama inagawanywa, akanyamaza ili asionekane mchoyo au mwoga, amebeba kitu ambacho yule wa kwanza hakubeba.

Na yuko ajuaye na kuuza. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu, na 20 wakafa. Nchini Kenya, mwaka 2004, sumu hiyo hiyo iliwapata watu 317, wakafa 125. Sumukuvu haifi jikoni. Mkulima ajua mahindi yake yameharibika, hawezi kuwapa watoto wake, basi huyauza kwa bei ndogo kwa mtu asiyeuliza, au hutiwa katika pombe. Kadhalika baadhi ya wavuvi wa ziwa letu walitia dawa ya wadudu majini ili samaki waelee wenyewe. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukakataa samaki wote wa Ziwa Victoria kwa muda, na mvuvi mwaminifu akala hasara pamoja na mwovu. Hawa walikuwa na ujuzi, na njia ya pili walikuwa nayo. Kwao neno hatia ni neno lililo mahali pake, na serikali ina haki ya kuwashika.

Hapo ndipo wengine hunipinga. Husema: Ukiliweka nyuma swali la Ni nani, waovu watatoroka, usiku mmoja watosha kuficha kila kitu. Nami najibu: tazama ni nani anayetoroka sasa. Mpishi anaosha masufuria kwa sababu tumemwogopesha, na kwa kuosha masufuria anamficha hata muuzaji wa maharagwe, ambaye yeye hamjui. Swali la Ni nini likijibiwa vizuri, bakuli likihifadhiwa na kupimwa, mara nyingi litatuongoza lenyewe kwa mtu, tena kwa mtu aliye kweli, wala si kwa bibi kizee asiyealikwa.

Lipo gumu moja ambalo sijalimaliza. Mwuguzi ameambiwa kwa siri na mama, Nilitumia kopo la dawa. Je, awaambie polisi? Asiposema, pengine kopo lile lingali sokoni linapimia maharagwe ya wengine. Akisema, mama wa pili hatamwambia neno. Nionavyo, jambo la kopo halina budi kutangazwa saa ile ile, na jina la mama likae kwa daktari mpaka wagonjwa wapone au wazikwe. Najua ya kuwa sheria pengine yataka vingine, na mwuguzi si hakimu wa sheria. Lakini kopo na jina ni vitu viwili, navyo vyaweza kutengwa.

Walimu wa sharika na wazee, kazi hii i mikononi mwenu kuliko mikononi mwa daktari, kwa kuwa ninyi mko karibu na jiko. Habari ya watu kuugua baada ya arusi au matanga ikifika, wengi wetu hukimbilia hospitali kuomba pamoja na wagonjwa, na ni vema. Mmoja wenu na aende kwanza kwa aliyepika, akae mlangoni pake, aonekane na wote kwamba ameketi pale. Mtu akiona mwalimu amekaa naye atasema mambo ambayo hangesema kwa kijana mwenye fimbo. Na aulize: kililiwa nini, saa ngapi, ni nani aliyekula akabaki mzima, chakula kilitoka wapi. Mabaki yasifukiwe, yatiwe katika chombo chenye kifuniko, yapelekwe kwa daktari, hata matapishi. Na wanaotapika, kabla ya kupata gari, wapewe kidogo kidogo maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Na kwa ajili ya muhogo, kuna jambo jema la kusimulia. Mtaalamu mmoja wa Australia, Howard Bradbury, alionyesha kwamba unga wa muhogo ukilowanishwa kwa maji, ukatandazwa mwembamba juu ya jamvi saa 5 kivulini, au saa 2 juani, sehemu kubwa ya sumu iliyobaki hutoka. Kisha hupikwa siku ile ile. Katika kijiji cha Kay Kalenge, Kongo, wanawake walianza kufanya hivyo mwaka 2010, na konzo ikakoma kuzaa wagonjwa wapya. Gharama yake ni maji, jamvi na nusu siku. Mama wa Tarime mwaka 1985, ambaye hakuwa na siku tano, huenda angalikuwa na saa tano.